Pampu Iwe ya Mwisho Kushtakiwa

Mazungumzo na mafundi, madereva na wenye malori, jijini Mbeya. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mafundi, ndugu madereva, wenye magari mlioacha biashara mchana huu mkaja kukaa nasi, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma na maovaroli yenu, karibuni sana. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe na Kyela, mugonile.

Nimeombwa nizungumzie pampu za dizeli na taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta ndani ya silinda, kwenye malori ya zamani, yale yasiyo na kompyuta. Malori haya hayajastaafu. Ndiyo yanayoshusha viazi kutoka Uporoto, mbao kutoka Mafinga, mchele kutoka Kyela na Usangu. Lori moja likilala barabarani, mzigo unaoza, utingo halali, na mwenye gari anapigiwa simu usiku kucha. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao.

Nina jambo moja la kusema. Pampu iwe ya mwisho kushtakiwa.

Lori halivuti mlima, tunasema nini? Pampu! Linatoa moshi? Pampu! Asubuhi haliwaki? Pampu! Na pampu ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote vilivyo kwenye njia ya mafuta. Tunaanza na kilicho ghali, tunakifungua juu ya meza yenye vumbi, tunakirudisha kikiwa kibovu kuliko kilivyotoka. Gharama hiyo analipa nani? Analipa mwenye gari, na mara nyingi amekopa.

Tukumbushane kwanza pampu inafanya kazi gani. Dizeli haina plagi. Pistoni inapanda, hewa inabanwa mpaka inafika joto la zaidi ya digrii 500, nozo inapuliza mafuta ndani ya joto hilo, yanawaka yenyewe. Pampu inatakiwa kutoa vitu vitatu: presha, kipimo na wakati. Bosch ilianza kuzitengeneza kwa wingi kule Ujerumani mwaka 1927, na pampu ya mstari unayoikuta leo kwenye lori kuukuu bado inafuata mpango uleule: kila silinda na plenja yake, yaani pistoni ndogo ya kusukuma mafuta, kemshafti ya kuzipandisha chini, na reki inayozigeuza plenja ili kuongeza au kupunguza mafuta. Ile nyingine, ya kugawa, ina kichwa kimoja kinachohudumia silinda zote kwa zamu.

Sasa hesabu kidogo. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde krankishafti, mhimili mkuu wa injini, imeshageuka digrii 12. Digrii 12! Ukiambiwa taimingi ya injini fulani ni digrii 14 kabla ya pistoni kufika juu, ujue unashughulika na kitu kilicho chembamba kuliko kufumba jicho. Hakitafutwi kwa sikio. Nitalirudia hilo baadaye kwa sababu najua wapo humu wanaotumia sikio.

Tuanze na mafuta yenyewe. Kuna lori la viazi lililokuwa likipanda kutoka Uporoto. Likiwa tupu halina shida. Likibeba, kila likifika mlima linalegea kama limekatiwa kitu, dereva akisimama na kupampu kwa mkono linapata nguvu, linakwenda tena kidogo, linalegea. Asubuhi haliwaki mpaka upampu. Lilipita gereji tatu. Ya kwanza ilibadilisha nozo. Ya pili ilifungua pampu. Ya tatu ilimwambia mwenye gari anunue pampu nyingine, akanunua iliyotumika kwa fedha za mavuno. Ikafungwa. Ugonjwa ukabaki palepale.

Lilipoletwa kwangu sikugusa spana. Nilimuuliza dereva: ilianza ghafla au taratibu? Ilianza baada ya kutengenezwa nini? Akasema ilianza taratibu, baada ya tangi kushushwa kuchomelewa. Tukakata kipande cha mpira unaopitisha mwanga, tukakifunga kabla ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta. Tukawasha. Ndani ya mpira yakapita mapovu, mfululizo. Tukaning'iniza kidumu cha dizeli safi juu ya injini, tukaipa pampu mafuta kutoka pale bila kupitia tangi. Lori likavuma. Shida ilikuwa mpira uliopasuka pale unapopita kwenye chesisi, mpira wa bei ya chakula cha mchana.

Kwa nini gereji tatu hazikuuona? Kwa sababu haukuvuja. Upande ule mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Ufa wa upande wa kuvuta hautoi dizeli nje, unaingiza hewa ndani. Unaweza kupitisha kitambaa kikatoka kikavu, na bado injini inakufa njaa. Vijana, shikeni hilo: upande wa kuvuta, pakavu si pazima.

Kidumu na mpira unaopitisha mwanga. Vitu hivyo viwili kila fundi hapa awe navyo, na kabla hujatamka neno pampu, vitumie. Kisha angalia filta ya mafuta, filta ya hewa, kichujio kidogo ndani ya bolti ya pampu ya kuvuta ambacho wengi hawajui kama kipo, na mpira wa kurudisha mafuta tangini. Pima nafasi za valvu. Kama lina turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi, kagua mipira yake ikiwa moto, maana ikiwa baridi hufunga vizuri na kukudanganya.

Kama injini inamisi, yaani kuna silinda haiwaki, legeza nati za bomba za nozo moja moja ikiwa inazunguka. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo haifanyi kazi. Hapo badilisha nozo yake na ya jirani. Ubovu ukihamia kwa jirani, ni nozo. Ukibaki, pima mgandamizo wa silinda ile. Ukikuta mgandamizo ni mzima, sasa unaanza kuwa na haki ya kuitazama pampu.

Lakini mnisikilize hapa, na nasema kwa uchungu. Legeza nati kwa spana, funika kwa kitambaa, mkono uwe mbali. Nozo za injini hizi hufunguka kwa presha ya kuanzia bar 120 hivi hadi zaidi ya 200. Mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi. Utaona kitone kidogo kama umechomwa na mwiba, hakiumi sana, utafuta na kuendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono unavimba na nyama inakufa kwa ndani. Yakikuta hayo nenda hospitali saa ileile, mwambie daktari waziwazi kwamba dizeli imeingia chini ya ngozi kwa presha. Usisubiri kesho. Kuna watu wamepoteza vidole, na wengine mkono mzima, kwa kusubiri kesho.

Sasa moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe ndio unaowagonganisha mafundi, kwa sababu uko wa aina mbili: mvuke wa maji ya rejeta, na dizeli iliyopita bila kuungua. Mtatofautishaje? Simameni nyuma ya gari. Dizeli isiyoungua inachoma macho na kunuka mafuta mabichi. Mvuke hauchomi, na maji ya rejeta yatakuwa yanapungua.

Lipo lori lililofunguliwa injini yote, likafungwa ringi mpya, likatoka gereji likiwa linang'aa. Asubuhi ya kwanza pale Uyole, na mnajua baridi ya Uyole mwezi wa saba, likafunika barabara kwa moshi mweupe. Mlimani halikuwa na nguvu, na bomba la moshi lilipata moto kupita kiasi. Watu wakasema gasketi ya silinda hedi imekufa. Wakaifungua hedi mara ya pili! Gasketi nzima, rejeta haijapungua hata glasi moja. Hapo ndipo wakakumbuka kuuliza: je, taimingi?

Taimingi ikichelewa, mafuta yanaingia pistoni ikiwa imeshaanza kushuka na joto limeshapungua. Sehemu yake haiungui, inatoka nyeupe. Nyingine inaungulia njiani kuelekea bomba la moshi. Nguvu hakuna, ulaji wa mafuta unapanda. Na huku kwetu kwenye baridi, kosa ambalo Dar es Salaam lingejificha, hapa linaonekana alfajiri ya kwanza.

Tulipima kwa njia ya zamani ya matone. Nitaieleza taratibu, kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa.

Kwanza hakikisha silinda namba moja iko kwenye mgandamizo, si kwenye kutoa moshi. Alama ya puli inafika juu katika hali zote mbili! Malori mangapi yamefungwa pampu ikiwa imepishana mzunguko mzima kwa sababu hiyo? Kwenye injini ya silinda sita tazama valvu za namba sita, kwenye ya silinda nne tazama za namba nne. Zikiwa zinapokezana, moja inafunga na nyingine inaanza kufungua, basi namba moja iko kwenye mgandamizo.

Kisha safisha pampu nje mpaka iwe kama sahani ya kulia chakula. Fungua bomba la namba moja, toa dilivari valvu, ile ya kutolea mafuta juu ya plenja, na springi yake, viweke kwenye dizeli safi ndani ya chombo chenye kifuniko. Rudisha kishikio chake bila valvu, funga juu yake kibomba kidogo kilichopinda. Weka wenzo wa mafuta mwisho, na wa kuzimia uwe kwenye kuwaka. Pampu kwa mkono: dizeli itatiririka. Sasa geuza injini kwa mkono, upande inaozungukia siku zote, pole pole. Mtiririko unapungua. Unakuwa matone. Tone, tone, kisha linakawia. Simama hapo hapo. Hapo plenja imefunga tundu la kuingizia mafuta, na hapo ndipo kusukuma kunapoanza. Nenda kasome alama kwenye flaiwili au puli.

Ukipitiliza, usirudishe kidogo. Rudi nyuma sana, kisha uje tena mbele, ili mchezo wa gia, ule ulegevu kati ya meno, uishe. Na alama ya puli usiiamini kwa macho yaliyofumba. Puli zenye raba katikati, pete ya nje huteleza miaka ikipita, na alama inahama nayo. Hakikisha kilele cha pistoni kwa geji.

Lori lile la Uyole matone yalikata karibu digrii 12 baada ya pale yalipotakiwa kukata. Namba hiyo ilituambia kila kitu. Kwa nini? Chukulia gia ya pampu ina meno 60. Jino moja ni digrii 6 za pampu. Lakini krankishafti huzunguka mara mbili kwa mzunguko mmoja wa pampu, kwa hiyo jino moja ni digrii 12 za injini. Gia ilifungwa imeruka jino moja. Kifuniko cha mbele kikafunguliwa, kweli, jino moja. Siku mbili za kazi na gasketi vimepotea bure, kwa kitu ambacho kidumu cha dizeli na kibomba kilichopinda vingekionyesha kabla ya chai.

Na mkishafungua kifuniko, msiogope mkikuta alama za gia ya kati hazikutani. Gia ya kati ina idadi yake ya meno, na alama zake hukutana tena baada ya mizunguko mingi tu. Alama zinapangwa wakati wa kufunga. Baada ya hapo, ukweli unapimwa kwa matone.

Kwenye pampu ya kugawa hakuna matone. Unatoa bolti ya katikati nyuma ya kichwa, unafunga geji ya saa, ile yenye mshale, unapima plenja imesogea sehemu ngapi za mia za milimita pistoni ikiwa mahali palipotajwa. Kama ina kifaa cha kuwahisha taimingi injini ikiwa baridi, kiachie kwanza, la sivyo utapima uongo. Na namba ni ya injini hiyo, si ya jirani yake inayofanana nayo. Tazama kibao cha injini, tazama kitabu chake.

Kurekebisha kidogo, legeza nati za pampu uinamishe. Ukiigeuza kinyume na mzunguko wake, taimingi inawahi. Ukiifuatisha, inachelewa.

Sasa nirudi kwenye sikio. Wapo wanaoinamisha pampu injini ikinguruma, wakisikiliza mpaka mlio uwe mkali, wanafunga. Ndugu zangu, mlio mkali unaompendeza mteja pale gereji mara nyingi ni taimingi iliyowahi mno. Mafuta yanawaka pistoni ikiwa bado inapanda, yanaigonga kichwani. Siku hiyo gari lina wepesi, mteja anakusifu. Baada ya miezi gasketi inapasuka, ringi zinavunjika, pistoni inachimbika. Nani atakumbuka kwamba chanzo ni siku ile ulipoinamisha pampu? Sikio lako ni zuri kwa kutambua kwamba kuna tatizo. Haliwezi kusoma digrii.

Mtaniuliza, basi pampu haina kosa kamwe? Inalo. Lipo lori lililokuwa likiwaka asubuhi bila shida, linafika Makambako, dereva anazima akale, akirudi haliwaki. Anasubiri saa nzima, linawaka. Ikafika mahali dereva akawa anakula injini ikiunguruma. Mapovu hayakuwepo, kidumu hakikusaidia, taimingi sawa, betri na stata vizima. Tukalowesha kitambaa maji, tukakikunja juu ya kichwa cha pampu kwa dakika kadhaa, tukawasha. Likawaka mara moja.

Mnaona? Dizeli ya moto inakuwa nyepesi. Plenja iliyolika inaivujisha kwa ndani, na kwa mzunguko wa pole wa stata presha haifiki ya kufungua nozo. Ukiipoza, mafuta yanakuwa mazito kidogo, presha inarudi. Huo ni ushahidi. Pampu ile ilistahili kwenda benchi, kwenye mashine ya kupimia pampu, na ilikwenda. Msimwage maji ya baridi moja kwa moja kwenye pampu ya moto, inaweza kukamata. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Kwa nini plenja zinalika? Nafasi kati ya plenja na silinda yake ni maikroni 2 hadi 4 tu, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Pampu ya kugawa inalainishwa na dizeli yenyewe, haina kingine. Ukiwekea dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, umeinyima ulainisho. Tunakumbuka mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wakose faida. Lakini dizeli ya madumu kando ya barabara bado inanunuliwa, na madumu hayo yana maji na mchanga. Dereva, ukiokoa elfu kumi kwenye dumu, unaiuza pampu ya tajiri wako. Toa maji kwenye filta kila asubuhi, hasa masika.

La mwisho ni skrubu ya pampu inayoweka kipimo cha juu cha mafuta. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama nne ya tano ya ile ya pwani. Lori lisilo na turbo likitoka Dar es Salaam na kipimo chake cha mafuta, likifika huku hewa haitoshi mafuta yale. Linapungua nguvu na kutoa weusi. Huo si ugonjwa, ni mlima. Tiba iliyozoeleka ni ipi? Mtu anavunja lakiri, anaizungusha skrubu ya kipimo ili liongeze nguvu. Anaongeza mafuta mahali ambapo kilichopungua ni hewa!

Kijana mmoja mwenye gari alifunguliwa skrubu hiyo ili apande Kitonga bila kubadili gia. Alipanda, na moshi ukamfuata mpaka juu. Safari chache baadaye, njia ya Tunduma, pistoni mbili ziliyeyuka vichwa. Lori lile lilikuwa ndilo mtaji wake wote. Siwezi kuisema habari hiyo kwa wepesi. Ukiona lakiri ya pampu imevunjwa, mwambie mwenye gari, na pampu irudi kwenye benchi ipimwe kipimo, silinda kwa silinda. Na kwenye lori la turbo lisilovuta wala kutoa moshi, kabla ya skrubu, kagua kibomba kidogo kinacholeta hewa ya turbo juu ya pampu, pamoja na diaframu yake. Ikitoboka, pampu haiambiwi kwamba hewa imefika, inabana mafuta.

Mkileta pampu kwa fundi wa benchi, msiilete ndani ya kiroba tupu. Ziba matundu yote kwa vifuniko safi, siyo matambara. Piga alama kati ya pampu na injini kabla ya kuitoa. Usitupe kibao chake cha namba. Andika kwenye karatasi: injini gani, dalili gani, inatokea baridi au moto, umeshapima nini na ukapata namba gani. Karatasi hiyo ni nusu ya kazi.

Lori tuliloazima lipo nje, bomba la namba moja limeshafunguliwa na kibomba kimefungwa. Vijana watangulie mbele, wazee tutasimama nyuma yao. Kila mmoja atageuza injini kwa mkono wake mpaka matone yakate, kisha atasoma alama na kuandika namba yake. Tutaanza na wale ambao hawajawahi kufanya.